Video ya Jino la Bondia

Kama gazeti la juma lililopita lilikupita, usihangaike, mikosi yangu ni ile ile, inabadilisha nguo tu. Nilifukuzwa redioni kwa kumwigiza bosi anavyokohoa, nikidhani kipaza sauti kimezimwa. Hakikuwa kimezimwa, na bosi alikuwa garini mwake, anasikiliza. Nikaenda kutangaza mnadani, sauti ikakauka katikati ya kunadi kabati la nguo. Mwisho nikaangukia kwa dada yangu, na begi langu moja na jina langu la utani: Mdomo.

Dada ameolewa na daktari wa meno. Ndiyo, Mdomo kaenda kuishi kwa daktari wa meno. Utani huo nimeshausikia kwa kila mtu, kwa hiyo tuendelee.

Shemeji yangu ni fundi hasa, ila maneno kwake ni adimu kama mvua ya kiangazi. Kliniki yake ina vyumba viwili: mapokezi, anapokaa dada, na chumba chenye kile kiti. Zamani benchi la mapokezi lilikuwa linajaa hadi watu wanasimama. Kisha ikafunguliwa kliniki kubwa ya vioo mtaa wa pili, na tovuti yake inang'aa kama sahani mpya. Nilipofika mimi, aliyebaki kwenye benchi letu ni paka wa jirani.

"Watu siku hizi hawatafuti daktari kwa kuuliza majirani," dada aliniambia mezani. "Wanatafuta kwenye simu. Na wewe ni mtu wa matangazo. Huwezi kututengenezea kitu?"

"Tovuti? Dada, nitawatengenezea tovuti mpaka watu waje kung'oa meno mazima!"

Shemeji aliacha kutafuna.

"Meno mazima hatung'oi," akasema.

Ndivyo alivyo. Ukimpa utani anaukagua kwanza kama una tundu.

Basi nikaingia kazini. Imani yangu ilikuwa moja: kama kitu kimoja kinavutia, vitu kumi vitavutia mara kumi. Nikaweka muziki. Nikaweka picha zinazozunguka. Nikaweka meno ya kuchora yanayocheza dansi, miguu yao myembamba kama ya kunguru. Nikajirekodi mwenyewe kwa sauti yangu ya redio: "Karibuuuu kwenye tabasamu jipyaaa!"

Na juu ya yote nikaweka video. Ilikuwa inaanza yenyewe mara tu ukurasa unapofunguka, sauti juu: gego linatobolewa kwa mashine, kisha linang'olewa, kwa karibu, mwanzo mpaka mwisho.

Nilimwonyesha shemeji. Aliangalia yote bila kupepesa.

"Fizi nzuri sana ile," akasema.

Nikachukua hiyo kuwa baraka.

Tukasubiri simu zilie. Hazikulia. Kisha zikalia, na ikawa afadhali zingenyamaza.

"Anaahirisha," dada alisema, akikata simu.

"Sababu?"

"Anasema ameona tovuti."

Ikaja nyingine. Naye ameahirisha. Naye ameona tovuti.

Asubuhi iliyofuata akaingia mwalimu, mama wa makamo, shavu limevimba, amebana mkoba kwapani kama anayekwenda vitani.

"Nani ametengeneza ule ukurasa wenu?"

"Ni mimi, mwalimu," nikasema, kifua mbele.

"Nilikuwa nasimamia mtihani," akaanza, polepole, kama anayesoma mashtaka. "Jino linanipiga, sioni mbele. Nikasema nitafute namba ya hapa, kimyakimya, kalamu zinaandika. Nikafungua. Mara, ngriiiiii! Ile mashine ya kutoboa! Darasa zima! Nahangaika kuzima, ukaja wewe na 'Karibuuuu!' Mwanafunzi mmoja aliingia chini ya meza. Mwingine akanyoosha mikono juu, akasema, 'Mwalimu, sikuangalizia!'"

Dada aliinamisha kichwa kwenye kaunta. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Pole sana, mwalimu," nikasema.

"Na namba yenyewe sikuiona mpaka leo. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu."

Kicheko cha dada kilikatika hapo hapo. Akatoa simu yake.

"Namba ya simu iko wapi?" akaniuliza.

"Ipo. Shuka chini. Chini ya meno yanayocheza."

Akafungua ukurasa. Ukawa unazunguka tu. Akampeleka mwalimu ndani kwa shemeji, akarudi. Bado unazunguka. Akapanga glavu kwenye kabati, akarudi. Picha ya kwanza ndiyo kwanza inatokeza utosi. Halafu simu ikamwambia bando limekwisha.

Dada alinitazama. Hakufoka, na hilo ndilo liliniuma.

"Mdogo wangu, mtu anayefungua ukurasa huu tayari ana maumivu. Wewe unamwongezea."

Nilikaa kwenye benchi, upande ule aliouacha paka. Nikatamani benchi linimeze.

Ndipo nikasikia sauti kutoka chumba cha ndani, mlango haukufungwa vizuri. Nikafikiri kuna mgeni. Sauti ilikuwa ya taratibu, nzito, tamu kama uji wa mgonjwa.

"Sasa nitagusa tu. Kugusa tu. Ukisikia chochote, nyanyua mkono, nitaacha. Sitakuuliza kwa nini. Nitaacha."

Kimya.

"Umenyanyua. Nimeacha. Tupumzike. Unafundisha somo gani, mwalimu?"

Alikuwa shemeji! Shemeji yule yule ambaye nyumbani nikimsalimia anajibu kwa nyusi! Nilikaa redioni nikiona watu wanatafuta sauti kama ile kwa tochi, kumbe ilikuwa imejificha nyuma ya barakoa.

Mwalimu alitoka mdomo umekwenda upande kwa ganzi, lakini macho yanacheka.

"Kumbe ndiyo hivi tu?" akasema. "Mbona hamkuonyesha hiki?"

Siku hiyo nilifuta kila kitu. Meno yaliyocheza dansi yakaenda zake. "Karibuuuu" yangu ikaenda zake, ingawa hiyo niliisikiliza mara ya mwisho kwanza. Namba ya simu nikaipandisha juu kabisa, kubwa, hata aliyefumba jicho moja kwa maumivu aione. Nikapiga picha ya mlango wetu wa kweli, na picha ya dada kwenye kaunta akitabasamu.

Halafu nikataka video moja tu. Iwe fupi, nyepesi, isile bando la mtu. Isianze yenyewe. Na maneno yaandikwe chini, ili aliye kazini aifuate bila sauti. Anayetaka kumsikia daktari, abonyeze.

Kilichobaki ni mgonjwa wa kurekodiwa.

"Nionekane nimeachama?" akasema wa kwanza.

"Mume wangu hajawahi kuona meno yangu ya nyuma, ndiyo nionyeshe dunia?" akasema wa pili.

Nilikuwa nimeshakata tamaa pale mlango ulipofunguliwa, likaingia pande la mtu, kofia imeshuka hadi puani, kitambaa kimefungwa kidevuni. Alipita mlangoni kwa ubavu.

"Kuna watu wengi?" akanong'ona.

"Hakuna mtu," dada akasema. "Kaa, kaka."

Alipovua kofia, dada akashika meza. Alikuwa Nyundo! Bondia Nyundo, yule ambaye sura yake ilikuwa kwenye kila ukuta mjini, amekunja ngumi, akimsubiri mpinzani wake Radi kwenye pambano la mkanda. Nyundo ambaye kila asubuhi redio zote zilikuwa zinarusha majigambo yake: "Maumivu mimi natafuna kama karanga! Radi nitamlaza mchana kweupe!" Hayo maneno, mchana kweupe, yalikuwa yake. Hata watoto wakipigania mpira walikuwa wanatishiana kulazana mchana kweupe.

"Sindano," akaniuliza kwa sauti ndogo, "ni ndefu?"

"Ya kawaida tu, bingwa."

"Kawaida yenu ni ipi?"

Nikamwonyesha mlango wa ndani. Aliponyanyuka kwenda ndani alinishika mkono, na hakuuachia. Nikaingia naye kama mama anayempeleka mtoto chanjo.

Kwenye kile kiti Nyundo alijaa akamwagika. Shemeji akakaa pembeni yake, akaanza ile sauti. Polepole. Bila haraka. Hata kabla hajagusa jino, vidole vya Nyundo vikaanza kulegea kwenye mkono wangu, damu ikarudi kwenye kiganja.

Nikaona video yangu iko mbele yangu, imekaa tayari.

"Bingwa," nikasema, "ungeturuhusu kurekodi? Watu wanaogopa. Wamsikie daktari."

Shemeji aliniangalia kwa jicho la kunizima. Lakini Nyundo alifikiri.

"Huyu daktari hajanicheka," akasema. "Rekodi. Ila sura yangu hapana. Na jina hapana."

"Mkono tu," nikaapa.

Na ni mkono tu niliorekodi. Mkono ule mkubwa umeshika ukingo wa kiti, umekakamaa. Sauti ya shemeji juu yake. Mkono unanyanyuka, unatetemeka. Daktari anaacha. Mkono unashuka, unatulia, unafunguka kama ua. Basi. Hata mimi mwenyewe niliiangalia mara tatu.

Nilimwonyesha kabla hajaondoka. Mapokezi palikuwa pameshaingia mgonjwa mwingine, kwa hiyo niliizima sauti, tukaiangalia kimya, maneno ya daktari yakipita chini.

Nyundo akaitikia kwa kichwa, shavu limekufa ganzi. Akanionyesha dole gumba. Akashusha kofia, akatoka kwa ubavu.

Sasa msomaji, uliza kitu kimoja. Uliza mtu wa redio alisahau nini.

Alisahau sauti.

Kwenye video, pale mkono unaponyanyuka, kulikuwa na neno moja la mgonjwa. Mimi nililisikia wakati wa kuihariri. Nikacheka, nikaona ndiyo chumvi yenyewe, nikaliacha. Sauti nzito kama ngoma, inanong'ona: "Daktari, naogopa mchana kweupe."

Nikaipandisha kwenye tovuti, nikaisambaza na kwingine.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Simu zililia hadi dada akaomba zipumzike. Benchi likajaa. Paka alikuja, akatazama, akaona hapana nafasi yake, akaondoka na mkia juu. Watu waliingia wakiuliza, "Ni hapa kwa daktari anayeacha?" Shemeji akawa anapiga mluzi. Mezani dada aliniwekea kipande cha nyama cha pili bila kuombwa, na anayemjua dada anajua hilo ni tuzo.

"Mdomo," shemeji akasema usiku huo, na likawa neno tamu kuliko yote aliyowahi kuniambia nyumbani, "umefanya kazi."

Nililala nikicheka peke yangu.

Asubuhi nilipoamka, mtu fulani huko mtandaoni alikuwa amebandika sauti mbili pamoja. Ya kwanza: "Radi nitamlaza mchana kweupe!" Ya pili: "Daktari, naogopa mchana kweupe."

Mji mzima ukavunjika mbavu.

Radi naye hakulaza damu. Akatoa video yake, ameshika bomba la sindano la kutibia ng'ombe, analichezesha hewani. "Nyundo! Ngumi za nini tena? Nakuja na hili!" Nyuma yake watu wanaangua vicheko.

Nilisimama mapokezi nikiiangalia.

Mlango ukapigwa kikumbo. Akaingia mwanamke mfupi, mnene, viatu vinagonga sakafu kama misumari. Alikuwa promota wa Nyundo. Kwenye masumbwi wanamwita Mama Ulingo, na mabondia wote wanamwamkia kabla hajawaona.

"Mdomo ni nani?"

Benchi zima, watu niliowaleta mimi kwa jasho langu, walinielekezea vidole.

"Shikamoo, mama."

"Usinipe shikamoo! Bondia wangu amejifungia chumbani. Hafanyi mazoezi, hali. Anasema hapandi ulingoni, ataanza kufuga kuku. Kuku! Nyundo!"

"Mama, naifuta sasa hivi."

"Utafuta nini? Imeshafika mpaka kwa mama yake mzazi!"

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Shemeji akasimama pale, glavu mikononi, barakoa imeshuka kidevuni. Alikuwa amesikia yote.

"Mgonjwa alinikabidhi hofu yake," akasema. "Imetokea hapa kwangu. Video itoke."

"Mume wangu," dada akasema kwa sauti ya chini, "ukiitoa hiyo, na benchi hili..."

"Benchi litajijua. Video itoke."

Niliitoa. Kidole kilikuwa kizito kama tofali. Shemeji akavua glavu, akachukua mkoba wake.

"Twende kwake."

"Mimi pia?"

"Wewe mbele."

Nyumbani kwa Nyundo mkewe ndiye aliyetufungulia. Alinyoosha mkono tu kuelekea chumbani, kwa uso wa mtu aliyechoka kubembeleza mlima.

Mlima wenyewe ulikuwa kitandani, umejifunika blanketi gubigubi, nyayo zimetokeza upande wa pili.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya msamaha njia nzima. Shemeji hakunipa nafasi. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Achama."

Blanketi likashuka. Nyundo akaachama. Shemeji akaangalia kwa kurunzi ndogo, akapapasa shavu.

"Panapona vizuri. Unasukutua kwa maji ya chumvi?"

"Ndiyo, daktari."

"Vizuri. Sasa huyu shemeji yangu ana neno."

Nikapiga magoti. Sikuwa nimepanga kupiga magoti, miguu iliamua yenyewe.

"Bingwa, niliahidi sura na jina. Sikuvitoa. Lakini sauti yako ni sura yako, na mimi kati ya watu wote ndiye niliyepaswa kujua. Nimeiondoa. Nipige ukitaka. Ila taratibu."

Nyundo akapapasa chini ya mto. Akatoa simu.

"Umesoma waliyoandika watu?"

"Sikuthubutu."

"Soma."

Nikaishika simu. Juu kulikuwa na matusi na vikatuni. Nyundo akanisogezea kidole. "Shuka."

Nikashuka. Mwanamke mmoja ameandika kwamba amekuwa akitafunia upande mmoja tangu azae mtoto wake wa kwanza, na kesho anakwenda kwa daktari. Dereva wa lori ameandika, kama Nyundo anaogopa, basi na yeye ana ruhusa. Baba mmoja ameandika kwamba mwanawe amekubali kukaa kwenye kiti, akanyanyua mkono "kama Nyundo."

Nikaendelea kushuka. Hayakuwa yanaisha.

"Kila siku watu wananisifia kwa kuumiza watu," Nyundo akasema. "Hawa wananishukuru. Sijui nifanye nini na kitu hicho, kwa hiyo nimejifunika blanketi."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akacheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

Nyundo akaketi. Kitanda kikalia.

"Irudishe," akasema.

"Bingwa?"

"Irudishe. Lakini tupige nyingine. Na sura yangu. Na jina. Niseme mwenyewe. Nikisema mwenyewe, nani atanicheka?"

Nilimgeukia shemeji. Kwa mara ya kwanza tangu aoe kwetu, nilimwona anakosa neno kwa sababu ya furaha, siyo kwa sababu ya tabia.

Tulipomweleza Mama Ulingo aliguna kama gari bovu. Kisha akawaza. Kisha jicho likamwaka.

"Sawa. Lakini iwe mubashara. Moja kwa moja kwenye tovuti yenu, watu wanaona hapo hapo. Mkirekodi, Radi atasema tumeigiza."

"Mubashara ina hatari zake, mama," nikasema. Niulizwe mimi habari za kipaza sauti kilichowashwa.

"Wewe ndiye wa kuniambia hatari?"

Nikaenda kutafuta miguu ya kusimamishia simu.

Siku ilipofika, mapokezi palifurika. Waliokosa benchi walikaa sakafuni, kila mmoja na simu yake, wanaangalia kwenye vioo kitu kinachotokea nyuma ya ukuta. Ndani tulikuwa wanne: shemeji na vifaa vyake, Nyundo kwenye kiti na kitambaa cha karatasi kifuani, Mama Ulingo kwenye kona, na mimi na simu yangu juu ya miguu mitatu ya chuma. Nilikuwa nimejaribu taa. Nilikuwa nimejaribu sauti mara nyingi kuliko nilivyowahi kujaribu kitu chochote maishani.

Nikabonyeza. Tukawa hewani.

"Mimi ni Nyundo," akasema, macho kwenye kamera. "Natwanga watu kwa kazi. Na sindano naiogopa mchana kweupe. Lakini nilikuja. Nawe njoo."

Nje, kupitia ukuta, nikasikia makofi. Mama Ulingo akajifuta jicho akijidai anakuna pua. Namba ya watazamaji pembeni ya kioo ilikuwa inakimbia kama mwizi.

Shemeji akainama kukagua jino. Ile sauti yake ikaanza. Mimi nikajiambia, Mdomo, leo ndiyo siku yako. Leo hakuna kitakachoharibika.

Mlango wa nyuma ukagongwa.

Ule mlango hautumiwi na mtu isipokuwa dada akitoa takataka, na unafungukia moja kwa moja chumba kile. Ukasukumwa. Akaingia dada, rangi imemtoka, anampungia mumewe mkono asiongee.

"Kuna mgonjwa," akanong'ona. "Alipiga simu, hakutaka kusema jina. Amesema hawezi kupita mbele. Amesema anakufa. Nilimwambia asubiri nje..."

Hakusubiri nje. Alikuwa nyuma yake tayari, mrefu hadi anainama mlangoni, amejifunika taulo kichwani kama ametoka kuoga. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kama andazi. Machozi yanamtiririka.

"Daktari," akasema kwa mdomo uliojaa, sauti isiyotambulika, "nilisikia wewe unaacha mtu akinyanyua mkono."

Taulo likateleza.

Alikuwa Radi.

Kwanza alimwona shemeji. Kisha akamwona mtu kwenye kiti. Kisha mtu kwenye kiti akageuza kichwa, na mabondia wawili wakatazamana, mmoja na kitambaa cha karatasi kifuani, mwingine na taulo mabegani, jino kwa jino.

Simu yangu ilikuwa bado haijamfikia. Alikuwa pembeni tu ya picha. Hatua moja zaidi na mji mzima ungemwona Radi, mwenye bomba la sindano la ng'ombe, analia kwa jino.

"Zima," shemeji akaniambia.

"Ole wako uzime!" Mama Ulingo akafoka kutoka kwenye kona. "Mgeuzie! Mgeuzie simu!"

Kidole changu kikaganda hewani kati ya hao wawili.

Radi hakuelewa. Hakujua kwamba tuko hewani. Alichokiona ni mpinzani wake, promota wa mpinzani wake, na mtego. Akapiga hatua mbele.

Ndipo Nyundo akaruka kutoka kwenye kiti. Trei ya vifaa ikaenda chini, koleo zikatawanyika sakafuni. Alikuja kwa kasi, akajitupa kati ya Radi na simu yangu, kifua kwa Radi, mgongo kwetu. Na mimi niliyekuwa nyuma yake ndiye peke yangu niliyeona alichokuwa anafanya. Alikuwa ameirudisha mikono yote miwili nyuma, viganja vyake vipana vimeziba kamera ya simu, kimya kimya, dunia isione chochote.

Alikuwa anamficha.

Lakini Radi hakuuona mgongo. Radi aliona kifua tu, na jitu linalomjia mbiombio.

Ngumi yake ya kulia ilikuwa imeshaanza safari. Na Nyundo hakuwa na mkono hata mmoja wa kujikinga.